Jina Lililorukwa

Ilikuwa Jumatano, saa tisa na robo alasiri, katika likizo ya Agosti mwaka 1957. Saa naijua kwa sababu mjomba alikuwa ameniachia saa yake ya mkono nimshonee ukanda, na kila nikipiga sindano jicho langu linaangukia kwenye mishale.

Nilikuwa uani kwetu Mwabungo, nimekaa jamvini na bibi, mama yake mama. Yeye alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Ndani alilala dada yangu na mtoto wake aliyezaliwa jana yake, mtoto wa kike, wa pili kwake. Mama alikuwa jikoni akimkorogea mzazi uji wa pilipili manga, na kila akipita mlangoni hakosi kuchungulia ndani akamsemesha yule mtoto, "Somo, umeamka?"

Somo ni mtu uliyechukua jina lake. Kwetu jina la mtoto halitafutwi. Binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, binti wa pili huchukua la mama wa mama yake. Ndiyo maana dada ana jina la bibi mzaa baba, na mimi nina jina la huyu bibi wa jamvini. Kwa sababu hiyo ananitania kama mtu wa rika lake. Ananiambia nimemwibia jina na sasa nataka kumwibia na meno, wakati yeye hana meno. Mtoto wa dada, kwa kuwa ni binti wa pili, zamu yake ilikuwa jina la mama, na mama alikuwa amelingojea jambo hilo kwa hamu.

Majina yenyewe sitayaandika humu. Wenye majina wangali hai na hawakuniomba niwaandike.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa aibu. Skuli ninakosoma, ng'ambo ya Likoni, mwalimu akiuliza swali mimi hujua jibu nikanyamaza mpaka apewe mwingine. Kwenye kisima cha hapa kwetu huenda jua likiwa kali, wakati wanawake wameshaondoka. Lakini kwa bibi nasema, na siku ile nilikuwa na swali la upuuzi tu. Muhula uliopita tulikaririshwa wafalme wa Uingereza, baba na mwana, mpaka nyuma kabisa. Nilikuwa nimewashika wote. Nikajiuliza kama naweza kurudi nyuma hivyo nyumbani kwetu, na nikaona ni rahisi, kwa sababu kwetu majina hurudi. Ukitaka kuwajua waliokufa, waangalie waliopewa majina yao.

Nikamwambia bibi, "Mimi nina jina lako. Mama ni binti yako wa pili, basi ana jina la mama yako. Nimeshafika huko bila kukuuliza."

Vidole vyake vikasimama. Sijawahi kuviona vikisimama katikati ya ukili.

"Mama yako hana jina la mama yangu," akasema.

"Sasa jina la nani?"

"La mke wa mwenye nyumba."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamhesabia wasichana wote wa ukoo wetu, huyu somo wa huyu, yule somo wa yule, na kila jina lilikuwa na mwenyewe aliyelala makaburini au aliyekaa barazani. Jina la mama yake bibi halikuwa na mtu hata mmoja. Si binti, si mjukuu, si kitukuu. Lilikuwa limerukwa kama mtu anavyoruka dimbwi.

Bibi akaniambia kwa sauti ya chini, huku macho yake yako kwenye ukili. Mama yake hakuzaliwa Mwabungo. Alizaliwa bara, nyuma ya vilima, kule kukavu ambako watu hufuata mbuzi. Ikaja njaa. Akaletwa huku pwani akiwa mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka, akawekwa rehani katika nyumba iliyokuwa na mtama. Waliomleta wakapimiwa pishi zao za mtama wakaondoka nazo, na yeye akabaki mpaka watakaporudi kumkomboa. Hawakurudi. Alikulia humo, akaozwa humo, akazalia humo.

Asiye wa kwetu hataona uzito wa hilo mpaka nimweleze jambo moja. Ukoo wetu, tunauita fuko, mtu huupata kwa mama. Mtoto wa mwanamke aliyewekwa rehani na hakukombolewa hana fuko, maana mama yake hana ndugu wa kusema huyu ni wetu. Ile nyumba iliwafunika bibi na ndugu zake kwa fuko lake, na wema huo sitaukana. Lakini mama alipozaliwa na bibi akataka kumpa jina la mama yake, mke wa mwenye nyumba alikataa. Alisema jina hilo likiitwa hadharani, watu wa bara watasikia na watakuja kudai watoto wao. Akalitoa lake akampa.

Hapo nikakumbuka kitu. Nilipokuwa mdogo msichana mmoja kisimani aliniambia, "Nyinyi wa pishi." Nikaja kumuuliza mama maana yake, akaniambia ni kwa kuwa nakula sana. Niliamini. Kwa muda mrefu nilikuwa nikila nusu sahani mbele ya watu.

"Nilitaka nilisikie likiitwa tena kabla sijafa," bibi akasema. "Sasa basi. Mama yako anamngoja somo wake, usimharibie."

Akaendelea kusuka. Baada ya kitambo akaona amekosea mistari yote aliyosuka akizungumza nami, akaifumua.

Mimi siku ile sikuendelea na saa ya mjomba. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilinishangaza. Wafalme wa watu nimewakariri na wake zao, na mwanamke aliyemzaa bibi yangu ananyimwa hata mtoto mmoja wa kuitikia jina lake.

Bibi alinijua. Kesho yake asubuhi, kabla sijasema kitu, alinifungia viazi vikuu kwenye leso, akaniambia niende Waa nikamsalimie bibi mmoja aliyeolewa huko. Huyo alikuwa mtoto wa mwisho wa ile nyumba ya mtama, na ndiye mtu pekee aliyebaki anayemkumbuka mama yake bibi akiwa msichana. Mama aliambiwa nampelekea viazi, na viazi kweli nilimpelekea.

Nilimkuta anaanika muhogo juu ya kichanja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka, akauliza, "Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtajia nyumba ya babu, kama nilivyozoea.

"Huyo mwanamume. Nakuuliza mama."

Nikamtajia mama, nikamtajia bibi. Akageuka. Alinitazama uso wote, kisha akacheka, akasema, "Wa pishi," lakini alivyolisema yeye halikuwa tusi. Alilisema kama mtu anayetaja mtaa. "Njoo kaa. Mimi mgongo wa mama yake bibi yako naujua kuliko mgongo wa mama yangu. Yeye ndiye aliyenibeba."

Kumbe hiyo ndiyo kazi aliyopewa kwanza, kumbeba mtoto wa nyumba. Akanihadithia mengi ya mama yake bibi, na mengine hayakuwa mazito. Kwamba alikuwa haogopi nyoka ila anaogopa kaa. Kwamba mara ya kwanza kuonja maji ya bahari alidhani watu wa pwani wameyatia chumvi kwa ubaya. Halafu akaniambia habari ya kutwanga. Kila aliposhika mchi alikuwa akijitaja, pigo kwa pigo: mimi wa fulani, fulani wa fulani, fulani wa fulani, mama kwa mama, kurudi nyuma. Yule mtoto mgongoni aliyasikia majina hayo mpaka yakamwingia. Alipokuwa mkubwa kidogo akamuuliza kwa nini anajitaja. Akajibiwa kwamba wakija kumkomboa watamuuliza yeye ni wa nani, na akikosea watamwacha.

Nikamuuliza kama bado anayakumbuka. Akaanza kupiga paja kwa kiganja, pole pole, na majina yakatoka, la kwanza, la pili, la tatu. La nne likamkataa. Alijaribu tena na tena, mkono unashuka pajani na mdomo hauna kitu.

"Na waliomleta walikuwa akina nani?" nikauliza.

"Bibi yako amekwambia 'waliomleta'?" Akatikisa kichwa. "Alikuwa mtu mmoja. Mjomba wake."

Sikuelewa, akanielewesha. Zamani zile mtoto alikuwa wa mjomba kuliko baba. Baba hakuwa na amri ya kumweka mwanawe rehani, lakini mjomba alikuwa nayo, kwa kuwa watoto wa dada yake ni watu wake. Njaa ikibana, mjomba ndiye hutazama wapwa zake akachagua.

"Alirudi mara moja," yule bibi akasema. "Mama yangu alikuwa akinisimulia. Alirudi kuomba mtama mwingine. Yule mtoto alikuwa kinuni, akajitaja kwa sauti ili amsikie. Mjomba akajaziwa mfuko wake, akatoka."

Sikula nilichoandaliwa, na safari hii si kwa kuona haya. Niliporudi nilimkuta bibi yuko jamvini pale pale. Nikampigia paja langu kama nilivyoonyeshwa, nikayataja majina matatu, nikasimama. Bibi akalitaja la nne. Lilimtoka tu, kisha akaziba mdomo kwa mkono, maana hakujua kwamba analo. Mama yake aliacha kujitaja kinuni alipoanza kuzaa. Labda alilitaja siku moja, bibi akiwa mgongoni. Hatujui.

Nilimwambia mama siku ya Jumamosi, yote, na kwamba mtoto apewe jina lile. Nilitegemea alie, au anikumbatie. Alikasirika. Alikuwa anakuna nazi na hakuinua kichwa kwenye mbuzi, akaniambia kwamba mimi nina somo wangu na dada ana wake, na yeye amevumilia miaka yote apate mtoto wa kuitikia jina lake, na leo binti yake wa kumzaa anataka kumpora. Alikuwa na haki na nilijua hivyo, lakini sikuyafuta niliyosema.

Habari ikamfikia mjomba, kaka yake mama. Kwa mila ya kwetu zamu ikiwa ya upande wa mama, yeye ndiye hutamka jina mbele ya watu. Alikuja Jumapili kuchukua saa yake. Si mtu mbaya. Ada yangu ya skuli sehemu yake hutoka kwenye nazi zake, na ndiye aliyemwambia baba kwamba msichana naye asome. Alivaa saa, akaisifia mishono, kisha akaketi.

"Mimi nimekaa kwenye vikao vya fuko miaka yote," akaniambia. "Nasema, nasikilizwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeingilia mlango gani. Wewe unataka waanze kuniuliza?"

Nikatazama miguu yangu.

"Naona tumeelewana," akasema.

Hatukuwa tumeelewana. Nilikuwa nimenyamaza, kama ninavyonyamaza darasani.

Jumatatu ilikuwa siku ya saba. Mbuzi wa akika alichinjwa mapema, mtoto akanyolewa, na mwalimu wa chuo cha Kurani akaja kuomba dua. Wanaume walijaa chumba cha mbele: baba, mume wa dada na jamaa zake, mjomba, na wazee wa ile nyumba iliyotufunika, ambao hatuwezi kuacha kuwaalika. Wanawake walikuwa ukumbini na uani. Mimi nilipewa kazi ya chetezo. Nilisimama kizingitini, kati ya wanaume na wanawake, napeperusha ubani, na mahali pale pananifaa kwa sababu moshi unaficha uso.

Mwalimu akauliza jina. Mume wa dada akasema kwa mtoto wa kwanza walichukua zamu yao, sasa zamu ni ya upande wa mama. Watu wote wakamgeukia mjomba.

Mjomba akajikohoza. Nami nikajisikia nasema. Sikumtazama yeye, niliuambia mwimo wa mlango.

"Mjomba, aliyemleta huku alikuwa mjomba wake."

Chetezo kiliinama mkononi mwangu, kaa moja likaanguka juu ya mkeka mpya na hakuna aliyeliondoa.

"Alijitaja ili amsikie, naye akachukua mtama akaenda zake. Hakuja mjomba mwingine baada yake. Umebaki wewe."

Mwalimu akauliza ni nani huyo anayesema, kwa kuwa alisikia sauti tu ndani ya moshi. Kabla sijajibu mama alijibu kutoka ukumbini, nyuma yangu.

"Ni binti yangu. Na mimi jina langu naliacha. Mtoto apewe la bibi yangu."

Sauti yake ilikuwa kavu. Mpaka leo hajaniambia ni lini aligeuza moyo, na mimi sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile ndiye aliyenikabidhi chetezo na kuniambia nisimame mlangoni, na kazi hiyo kwa kawaida ni ya shangazi wa mtoto, si ya msichana mwenye haya.

Mzee mmoja wa ile nyumba akasema mambo haya yana wenyewe, si ya watoto wa skuli. Mjomba alikuwa anatazama kizingitini, na mimi nikasikia leso ya bibi ikinigusa mkono. Alikuwa amenyanyuka uani, akapita katikati ya wanawake, akaja kusimama pale ambapo wanawake hawasimami.

"Mama, na wakiniuliza?" mjomba akasema. Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Alikuwa kama mtoto aliyepoteza kiatu.

"Waambie wewe ni mwanangu," bibi akasema. "Na mimi ni binti wake."

Mjomba akalitamka. Mara ya kwanza alilitamka chini chini, kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Mwalimu akainama sikioni mwa mtoto, akaliita, na mtoto akapiga chafya. Mama mkwe wa dada akacheka kule ukumbini akasema mwenyewe ameitika. Wengine wakacheka, na kaa la ubani likaonekana, na mtu akalimwagia maji.

Lakini wazee wawili wa ile nyumba waliondoka kabla pilau haijapakuliwa. Mjomba aliwasindikiza mpaka njiani, akarudi, akakaa peke yake, hakula. Nilimpelekea maji ya kunawa. Akanawa, akaniambia mkeka niliouchoma nitaulipa, kisha akaniambia wazi kwamba kikao cha fuko ni mwezi ujao na hajui kama ataitwa. Sikumwomba radhi. Nilimmiminia maji ya mkono wa pili.

Jina lile siliandiki. Sasa lina mwenyewe, kichwa chake ni kipara na analala kutwa. Akikua aliandike mwenyewe, kwa mwandiko wake.

Asubuhi ya Jumanne nilichukua debe nikaenda kisimani saa ambayo wanawake wote wapo. Yule msichana wa zamani alikuwapo, siku hizi ni mke wa mtu, na alikuwa ameshasikia. Akaniuliza huku anavuta kamba, "Eti mtoto mmempa jina la yule wa pishi?"

"La huyo huyo," nikasema. "Na mimi ni wake."

Akaendelea kuvuta kamba. Nikangoja zamu yangu, nikajaza debe, nikajitwika. Kuna njia ya nyuma, ya vichakani, ambayo ndiyo huipita siku zote. Siku hiyo nilipita ya mbele, inayokatiza barazani kwa ile nyumba. Wazee walikuwa wameshakaa, wale wawili wakiwamo. Nikawaamkia kwa sauti. Wawili wale wakaangalia pembeni. Mkubwa wao wote, ambaye macho yake hayaoni tena na siku ya akika hakuja, akaitikia marahaba, akainua uso kunako sauti yangu.

"Mtoto wa nani wewe?"

Nikatua debe chini, maana jibu lake lilikuwa refu.